Maiki ya redioni kwa hela ya mtaani

Kila baada ya siku mbili tatu kuna mtu ananitumia picha WhatsApp, maiki nyeusi nene imening'inia kwenye mkono wa chuma, chini kaandika "kaka hii vipi, niibebe?" na ukimhoji vizuri unakuta ameshalipia zamani, anachotafuta ni baraka tu. Nimechoka kurudia voisi noti za dakika saba, kwa hiyo naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Tuanze na hiyo picha maana ndo inayotuponza. Ile sura ya redioni ambayo kila anayeanza podikasti anaitaka imetokana hasa na maiki mbili. Moja ni Electro-Voice RE20, ya tangu 1968, nyingine ni Shure SM7B iliyotoka 2001 ila ukoo wake unaanzia SM7 ya 1973. Maiki za heshima hizo, sina neno nazo. Ila SM7B mpya ni kama dola 400 huko Marekani, RE20 inazidi hapo, na hujaongeza usafiri wala ushuru. Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii: sauti inayotoka kwenye SM7B ni ndogo mno, Shure wenyewe wanataka uwe na kifaa chenye uwezo wa kuikuza desibeli 60 na kuendelea (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Saundi kadi, vile visanduku vinavyokaa kati ya maiki na laptopu, nyingi za bei ya chini zinaishia hamsini na kitu, na ukizifikisha mwisho zinaanza kulia shshsh kama manyunyu kwenye bati. Ndo hapo unaambiwa ongeza kijisanduku cha kukuza sauti cha Cloudlifter, nacho kinakula zaidi ya dola mia peke yake. Kwa hiyo kama mfukoni una laki mbili au tatu, hiyo picha ifute kabisa, usije ukanunua maiki ukakosa hela ya kuiwasha.

Habari njema ni kwamba ile sauti ya redioni unayoisikia haitokani na jina la maiki. Inatokana na maiki ya aina ya dainamiki (hiyo aina naieleza hapo chini), mdomo kuwa karibu nayo, na chumba kisicho na mwangwi. Katika hayo matatu unalolipia ni moja.

Maiki yangu ya kwanza haikuwa dainamiki. Ilikuwa kondensa, zile zinazouzwa kwa seti, maiki, sponji, stendi ya mkono, waya, vyote kwenye boksi moja kwa hela ndogo, jina naliacha. Nikaifunga chumbani Tabata, Dar, sakafu ya vigae, ukuta mtupu, nikavaa hedifoni nikabonyeza rekodi. Aisee. Nilisikia mtu anakoroga chai chumba cha pili, yani kile kijiko kinavyogonga kikombe kabisa. Nikasikia feni, nikasikia jogoo wa jirani, nikasikia bodaboda inabadilisha gia kule barabarani, na mimi mwenyewe katikati ya hayo yote nasikika kama naongelea bafuni. Nikadhani maiki ni mbovu. Haikuwa mbovu, ilikuwa inafanya kazi yake vizuri sana.

Kondensa ina kiwambo chepesi, inahitaji umeme wake, kwa zile za XLR, zenye waya wa pini tatu, ni zile volti 48 zinazotoka kwenye saundi kadi, na inasikia vitu vidogo vidogo. Kwa mwimbaji aliye ndani ya studio iliyozibwa, safi. Kwa mimi na wewe tunaorekodi chumbani huku dirisha halifungi vizuri, ni mateso. Dainamiki ina koili na sumaku, kiwambo chake kinabeba uzito, haishtuki ovyo, na nyingi hazihitaji umeme wowote wa ziada zikiwa kwenye waya wa XLR. Ila naomba hapa tuelewane maana watu wanadanganyana sana: dainamiki haina akili ya kujua hii ni sauti yako na ile ni ya jogoo. Inachofanya ni kukuruhusu usogee karibu kabisa na kushusha geini, yani kiasi cha kuikuza sauti, na geini ikishuka, jogoo anashuka nayo. Ukiiweka mbali kisha ukapandisha geini ili usikike, jogoo wako anarudi kama alivyokuwa.

Sasa ukaribu kiasi gani. Mimi napima kwa mkono, vidole vinne kutoka mdomoni hadi kwenye wavu wa maiki, ukizidisha sana basi nusu shibiri. Kila ukiongeza umbali mara mbili sauti yako inashuka kama desibeli 6 wakati kelele ya chumba inabaki pale pale, ndo maana mtu aliyeegemea kiti nyuma huku maiki iko katikati ya meza anasikika kama yuko Kibaha. Na maiki nyingi za aina hii zikiwa karibu zinaongeza besi, hiyo sauti nzito ya mtangazaji wa saa sita usiku unayoitamani, inakuja bure. Ukizidisha, ukaigusa kwa midomo kabisa, inakuwa bumbumbu, maneno hayaeleweki.

Karibu kuna tatizo lake, pumzi. Kiswahili kina p na b za kumwaga, na kama wewe ni mtu wa pwani unayetofautisha paa la nyumba na yule paa mnyama, ile p ya mnyama inatoka na upepo kabisa na maiki inaupokea kama kofi. Dawa ya kwanza ni kuiweka pembeni kidogo, isielekee katikati ya mdomo, ikae usawa wa kona ya mdomo ila uso wake uendelee kukutazama wewe, upepo unapita mbele sauti inaingia. Dawa ya pili ni sponji au kile kitambaa cha duara. Sentensi yangu ya kujaribia, na naitumia hata dukani, ni "pita pembeni baba Pendo, pilau imepoa", nikimaliza naongeza "shilingi sitini na sita za siasa" kusikia kama s zinachoma masikio. Maiki ikipita hapo imepita.

Kingine cha bure ni mgongo wa maiki. Nyingi za hizi zinasikia mbele na ubavuni kidogo, nyuma hazisikii sana, watu wa fani wanaita kadioidi. Kwa hiyo usiangalie tu wewe umekaa wapi, angalia mgongo wa maiki unatazama wapi. Mgongo utazame dirisha au feni. Watu wengi wanakaa kinyume, wao wameligeuzia dirisha mgongo, maana yake maiki inawatazama wao na barabara yote iliyoko nyuma yao.

Na uso wa maiki uko wapi? Usicheke. SM7B, RE20, PodMic ya Rode na zile zote zinazofanana nazo unaongelea kwenye ncha. Kondensa nyingi kubwa unaongelea ubavuni, upande ule wenye nembo. Nimeshaona mgeni anaongea saa nzima na ubavu wa maiki ya ncha, tena kwa hisia, na mwenyeji amevaa hedifoni zisizochomekwa popote, kwa ajili ya video.

Haya, tuje kwenye kununua kwenyewe. Kabla ya jina lolote jiulize inachomekwa wapi. Kuna za USB, unachomeka kwenye laptopu umemaliza. Kuna za XLR, lile tundu la pini tatu, hizo lazima uwe na saundi kadi au mikisa katikati. Mshkaji wangu mmoja alikuja kwangu na maiki ya XLR tupu, nzuri kweli, anaizungusha zungusha mkononi anauliza tundu la USB liko wapi, nikamwambia liko dukani bado hujalinunua. Saundi kadi ya kuanzia kama Behringer UM2, au Focusrite Scarlett Solo kama una uwezo zaidi, ni hela nyingine na waya wa XLR ni hela nyingine, kwa hiyo bei ya kwenye boksi la maiki ya XLR usiihesabu kama bei ya mwisho.

Halafu kuna zenye midomo miwili, USB na XLR kwa pamoja, na ushauri wangu kwa anayeanza uko hapa tu. Unaanza na USB leo, mwakani ukipata hela ya saundi kadi unahamia XLR na maiki ni ile ile. Samson Q2U ndo naipendekeza kuliko zote, inacheza kati ya dola 70 na 100 kutegemea umeipatia wapi, na Audio-Technica ATR2100x iko bei hizo hizo ikiwa na tundu la USB-C. Zote mbili zina tundu la hedifoni kwenye maiki yenyewe, unajisikia papo hapo bila kuchelewa, na hilo usilidharau maana ukijisikia utajirekebisha bila kuambiwa. Ubaya wao, kama ni ubaya, zina umbo la maiki ya kushika ya MC wa harusi. Kwenye video hazina ule mvuto. Kama kipindi chako ni cha kusikiliza tu, nani anaona? Funga macho usikilize, hapo ndo maiki inachaguliwa.

Ukitaka sura ya redioni na bei ya chini, Fifine K688 na AM8, au Maono PD200X, hizi zinazunguka dola 50 hadi 70, nazo zina USB na XLR. AM8 ina taa za rangi, wapo wanaozipenda, mimi nazizima. Jua tu kwamba ukiihamishia XLR zile taa, kitufe cha kuzima sauti na tundu la hedifoni havifanyi kazi, vyote hivyo ni vya upande wa USB. Rode PodMic ya dola kama 99 ina sura na sauti ya redioni kweli, ila ile ya kwanza ni XLR tupu (yenye USB ilikuja baadaye, 2023, na bei ilipanda), inataka geini ya kutosha, na ina uzito wa gramu 937. Karibu kilo! Mkono wa stendi ile ya kwenye seti inainama taratibu kama mgomba wenye ndizi, unaanza kipindi maiki iko mdomoni, dakika ya ishirini iko kifuani. Kwa hiyo PodMic inakuja na gharama ya stendi imara, iweke kwenye hesabu.

Kwa aliyebanwa kabisa na ambaye tayari ana saundi kadi au mikisa, labda ya kanisani au ya kwaya, Behringer XM8500 ni ya dola ishirini na kitu, ya kushika, ni dainamiki, ukiivalisha sponji na kuisogelea inakutosha mwaka mzima. Sioni haya kuisema. Juu ya dola 100 ukaenda karibu na 300 unakutana na Shure MV7+ ya 2024, yenye USB-C na XLR, nzuri sana, ila kwa mtu ambaye bado hajatoa vipindi kumi naona ni kujibebesha mzigo.

Mnakuwa wawili? Hapa ndo watu wa USB wanakwama. Kuchomeka maiki mbili za USB kwenye laptopu moja ni ugomvi, programu nyingi zinataka kuchagua moja tu, na hata ukizilazimisha kila maiki ina saa yake ndani, kipindi kikiwa kirefu sauti zinaanza kupishana. Hapo ndo ule mdomo wa pili wa XLR unalipa, mnanunua saundi kadi moja yenye matundu mawili ya XLR na kila mtu na maiki yake. Kushiriki maiki moja mkiwa mmekaa pande mbili, hapana, mmoja atakuwa mbali tu. Na msikae karibu karibu, umbali wa kutoka maiki hadi maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa mdomo na maiki, la sivyo kila maiki inaokota sauti ya mwenzake na zikichanganywa zinasikika tupu tupu kama mko kwenye bomba.

Wa simu nao wapo wengi. Android yenye USB-C nyingi zinapokea maiki ya USB kwa kebo au adapta ya OTG (ile inayoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB), iPhone ni rahisi kuanzia 15 kwa sababu nayo ina USB-C. Ila usinunue zile waya za XLR kwenda pini ndogo ya earphone ukidhani umeokoa hela ya saundi kadi, sauti inafika imechoka, unaikuza, inakuja na moshi wote.

Hapa niseme kosa langu lililoniuma kuliko yote. Nilimwita mzee mmoja aliyeendesha mabasi ya mikoani enzi zile barabara ni vumbi, akaja na kofia yake, tukakaa, dakika hamsini za stori ambazo hutazisikia popote, mpaka namna walivyokuwa wanavuka maji wakati wa masika. Maiki iko mdomoni kwake, taa inawaka, kila kitu safi. Mzee kaondoka nikafungua faili, sauti kama mtu anaongea ndani ya pipa. Laptopu ilikuwa inarekodi kwa maiki yake ya ndani muda wote, ile nzuri ilikuwa pambo. Nikampigia kumuomba arudi tuanze upya, akaniambia "mwanangu, mimi nilishakusimulia". Tangu siku hiyo kabla ya kurekodi chochote nakwaruza wavu wa maiki kwa kucha, krrr krrr, nikitazama mstari wa sauti kwenye skrini. Ukiruka juu, ndo yenyewe. Usiporuka, nenda kwenye mipangilio ukachague maiki sahihi.

Ukiwa hapo hapo kwenye programu ya kurekodi, mfano Audacity, ambayo ni ya bure na inatosha kabisa, weka mono, yani njia moja ya sauti, maana maiki ni moja, na geini ipange ukiongea kwa nguvu ya kawaida kilele kiwe kwenye kama desibeli -12 kwenye kipimo cha skrini, ukicheka kwa sauti kisifike sifuri. Watu wanapandisha mpaka nyekundu wakidhani ndo ukubwa. Sauti iliyopasuka haishoneki, ila ndogo unaikuza baadaye.

Ukisikia mzzzzz ya mfululizo usikimbilie kurudisha maiki. Chomoa chaja ya laptopu kwanza, rekodi kwa betri. Nyumba zetu nyingi soketi hazina ethi ya kweli, na ule mlio unaingia kupitia chaja. Nusu ya malalamiko ninayoletewa yanaisha hapo, mtu anakaa kimya simuni kidogo halafu anasema "eeh, umeisha". Friji nayo izime, na ili usisahau kuiwasha tena weka funguo za nyumba ndani ya friji, huwezi kutoka bila kuzifuata. Chumba chenyewe ni kile chenye godoro, nguo na mapazia, kabati la nguo likiwa wazi nyuma yako, sio sebule ya vigae kwa sababu inapendeza. Saa kumi na moja alfajiri baada ya adhana ni muda mzuri kuliko povu lolote la ukutani. Mvua ikianza na paa ni la bati, funga laptopu ukalale, hakuna maiki inayoshinda hilo.

Kariakoo hapa Dar au Luthuli kule Nairobi, dukani, nenda na laptopu yako na earphone zako. Maiki zenye jina kubwa zinaigwa sana, hasa Shure SM58, ambayo wengi wanaitumia kwenye podikasti pia na inafaa. Ya kweli ina gramu 298 bila waya, feki nyingi ukiishika unahisi wepesi wa ajabu. Chungulia zile pini tatu chini, ya kweli zina namba 1, 2, 3 pembeni yake. Na bei, ukikuta SM58 mpya inauzwa hela ya XM8500 hata usipoteze muda kuchungulia pini.

Halafu mwambie muuzaji uichomeke. Bila ugomvi, "bosi naomba niijaribu dakika moja tu". Kwaruza wavu, sema ile ya baba Pendo na pilau, kaa kimya sekunde kumi usikie kama kuna shshsh, tikisa waya pale unapoingilia usikie kama unakatika, kisha sikiliza kwa earphone zako mwenyewe, sio spika za duka. Duka litakuwa na kelele, sawa, isogelee vidole vinne na ushushe geini, utasikia mwenyewe kelele ya duka inavyorudi nyuma. Akikataa kuichomeka, mshukuru, rudisha laptopu kwenye begi, sogea duka linalofuata.